Njaa ya Bakteria, Njia ya Dawa

Vitamini B12 ni molekuli kubwa. Uzito wake ni daltoni 1,355. Vankomaisini, dawa ya sindano inayotegemewa mgonjwa anaposhambuliwa na stafilokokasi sugu, ina daltoni 1,449 hivi. Kwa ukubwa hazipishani sana. Ziweke zote mbili mbele ya Escherichia coli, bakteria wa utumboni anayeongoza kwa kusababisha maambukizi ya njia ya mkojo, na tofauti itajitokeza. B12 hupokelewa na kuingizwa ndani. Vankomaisini hubaki nje, na bakteria huendelea kugawanyika bila kutikisika, ingawa naye anajenga ukuta wake kwa malighafi ile ile ambayo dawa hiyo huishambulia kwa stafilokokasi. Shabaha ipo. Njia ya kuifikia ndiyo haipo.

Tunapozungumzia usugu wa dawa, mara nyingi tunawataja wagonjwa wasiomaliza dozi, maduka yanayouza vidonge bila cheti cha daktari, na vimeng'enya ambavyo bakteria hutumia kuvunjavunja dawa. Yote hayo ni ya kweli. Lakini kuna swali linalotangulia: dawa inaingiaje ndani ya bakteria? Ukilifuatilia swali hili kwa makini unakutana na jambo moja kila unapogeuka. Njia nyingi ambazo dawa huingilia ziliwekwa kwa ajili ya chakula. Kwa hiyo bakteria anayejikinga kwa kuziba njia hulipa kwa njaa, na mtafiti anayetafuta dawa mpya hana budi kujua kwanza bakteria huyo anakula nini, na anakulaje.

Utando mmoja, tando mbili

Mwaka 1884, akiwa Berlin, daktari Mdenishi Hans Christian Gram alichapisha njia ya kuwapaka bakteria rangi ili waonekane kwenye darubini. Baadhi walishika rangi ya zambarau. Wengine waliipoteza walipooshwa kwa alkoholi. Wakati huo hakuna aliyejua sababu, lakini maabara za hospitali zetu zinaitumia njia hiyo hadi leo, kwa kuwa inatenganisha makundi mawili yenye maumbile tofauti kabisa.

Wanaoshika rangi, yaani Gram-chanya, wana utando mmoja tu wa mafuta, na nje yake ukuta mnene wa peptidoglaikani. Ukuta huo ni imara, lakini una nafasi kubwa kati ya nyuzi zake. Vankomaisini hupenya humo bila shida, na haihitaji hata kuvuka utando, maana kinacholengwa ni vipande vya ukuta vinavyounganishwa nje ya utando. Ndiyo maana stafilokokasi huuawa nayo.

Gram-hasi wamejengwa vingine. Ukuta wao ni mwembamba, umekaa kati ya tando mbili, na utando wa nje hauna mfano katika seli zetu. Uso wake umejaa lipopolisakaraidi, molekuli za mafuta na sukari zilizosongamana na kushikanishwa kwa chembe za magnesiamu na kalsiamu. Kwa kawaida dawa inayopenda mafuta hupita kwenye utando wa seli kirahisi. Hapa hukwama, kwa sababu mafuta yenyewe yamekazana mno. Dawa inayopenda maji nayo hukataliwa na mafuta hayo hayo. Kundi hili ndilo lenye E. coli, Klebsiella, Salmonella, Pseudomonas, Acinetobacter na bakteria wa kipindupindu, na baadhi yao ndio wanaotawala sehemu ya juu kabisa ya orodha za Shirika la Afya Duniani za bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka.

Ila utando unaokataa kila kitu ungemuua mwenyewe. Lazima kuwe na mahali pa kupitisha sukari, asidi amino, fosfeti na chumvi.

Matundu yasiyofika nanometa mbili

Mahali hapo palijulikana katikati ya miaka ya 1970. Taiji Nakae na Hiroshi Nikaido, wakichunguza utando wa nje wa Salmonella na E. coli, walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta, wakavijaza sukari za ukubwa mbalimbali, kisha wakapandikiza protini za utando huo kwenye kuta za vifuko. Sukari ndogo zilivuja. Kubwa zilibaki. Mwaka 1976 Nakae aliibainisha protini iliyokuwa ikitoboa matundu hayo, na Nikaido aliendelea kuchunguza jambo hili kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kipimo walichokipata ndicho kinachotumika mpaka sasa: kwa E. coli, molekuli inayozidi takriban daltoni 600 haipiti kwenye matundu ya kawaida.

Mwaka 1992 umbo la tundu mojawapo, OmpF, lilichorwa kwa miali ya eksirei. Protini tatu zimeshikana, kila moja na mfereji wake wenye maji, na katikati ya mfereji kuna sehemu nyembamba ya nanometa 0.7 kwa 1.1. Upande mmoja wa sehemu hiyo una chaji hasi, wa pili una chaji chanya. Kwa hiyo ukubwa peke yake hautoshi kupita. Umbo na chaji navyo vinahesabiwa.

Historia ya penisilini inalithibitisha hilo. Penisilini G huua streptokokasi vizuri lakini hufanya kazi kidogo sana kwa E. coli. Mwaka 1961 kampuni ya Beecham ya Uingereza ilitoa ampisilini, ambayo ni penisilini ile ile iliyoongezewa kikundi kimoja cha amino chenye chaji chanya. Badiliko hilo dogo liliipitisha dawa kwenye matundu, na kwa mara ya kwanza penisilini ikawa dawa ya E. coli na Salmonella. Uzito wa ampisilini ni daltoni 349. Wa laktosi, sukari ya maziwa, ni 342. Kwa tundu la OmpF, dawa na sukari zinafika zikiwa na kimo kimoja.

Bakteria naye hakai na matundu ya namna moja. E. coli akiwa kwenye maji ya mto, ambako chakula ni haba, huweka kwa wingi OmpF, lililo pana kidogo. Akiwa utumboni mwetu, kwenye joto, chumvi nyingi na nyongo, huweka zaidi OmpC, lililo jembamba. Alijifunza kujikinga na nyongo muda mrefu kabla ya kiwanda chochote cha dawa, na kinga hiyo hiyo humsaidia leo dhidi ya vidonge.

Utando wa ndani na gharama ya kula

Kuvuka utando wa nje ni nusu ya safari. Utando wa ndani hauna matundu ya kupita holela, kwani ungekuwa nayo bakteria angepoteza nishati yake yote. Huko kila kirutubisho kina protini yake ya kukipokea na kukivusha.

Jambo hili lilithibitishwa Paris, kwenye Taasisi ya Pasteur. Kulikuwa na E. coli wa ajabu: walikuwa na kimeng'enya cha kuvunja laktosi na wamezungukwa na laktosi, lakini hawakuweza kuila. Mwaka 1956 kundi la Georges Cohen na Jacques Monod lilieleza kwamba walichokosa ni protini ya kuivusha sukari hiyo. Kimeng'enya bila njia ni bure, sawa na vankomaisini isiyofika kwenye ukuta.

Baadaye ikafahamika kwamba protini hizo hugharamiwa kwa namna tatu kuu. Inayovusha laktosi huiingiza pamoja na protoni moja. Protoni husukumwa nje kwa nishati ya kupumua, na zinaporudi ndani huburuta sukari. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Peter Mitchell mwaka 1961, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Namna ya pili ni ya glukosi: kundi la Saul Roseman lilieleza mwaka 1964 jinsi sukari inavyobandikwa fosfeti wakati ule ule inapovuka, hivyo haiwezi kurudi nje. Ya tatu hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, moja kwa moja, na mfano mzuri ni maltosi. Sukari hiyo hupita utando wa nje kwa tundu lake maalumu liitwalo LamB, hudakwa na protini inayoelea kati ya tando mbili, kisha hukabidhiwa kwa mtambo wa utando wa ndani unaochoma ATP kuisukuma ndani. Virusi viitwavyo lambda hulitumia tundu hilo hilo la maltosi kumkamata E. coli. Maumbile yaligundua zamani kwamba njia ya chakula ni njia ya hatari.

Dawa zinazoingia kwa jina la chakula

Chukua fosfomaisini, dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Ni ndogo, daltoni 138 tu, na inafanana na fosfeti zilizoungana na gliseroli au sukari. Protini mbili za utando wa ndani, moja ya gliseroli-fosfeti na nyingine ya glukosi-fosfeti, huidhania chakula na kuiingiza. Mtaalamu wa maabara anayepima kama E. coli wa mgonjwa anauawa na fosfomaisini huongeza kwenye sahani ya kuoteshea mikrogramu 25 za glukosi-6-fosfeti kwa kila mililita. Asipoongeza, bakteria hataiweka ile protini ya pili, dawa haitaingia vya kutosha, na majibu yatasomeka kuwa ni usugu hata pale ambapo haupo. Bakteria huyo huyo na dawa hiyo hiyo hutoa majibu mawili, kutegemea alivyolishwa.

Gentamaisini na streptomaisini, ambayo Albert Schatz aliitenga mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, huingia kwa nguvu ya kupumua. Kwanza, kwa chaji zake chanya nyingi, huing'oa magnesiamu iliyoshikanisha lipopolisakaraidi, na utando wa nje hulegea. Halafu huvutwa kupita utando wa ndani na tofauti ya umeme inayotokana na kupumua kwa bakteria. Bakteria wanaoishi bila oksijeni hawana mvuto huo wa kutosha, ndiyo maana gentamaisini haifai kwa usaha wa tumboni unaosababishwa na bakteria hao peke yao. Mwaka 2011 kundi la James Collins la Boston lilichapisha jaribio linaloonyesha jambo hili waziwazi. E. coli waliolala, wasiokua na wasiouawa na gentamaisini, walipopewa sukari kama manitoli walianza kuchoma chakula, wakavuta dawa, wakafa. Walilishwa ndipo wakauawa.

Madini ya chuma yana habari nzito zaidi. Mwili wetu huyaficha ndani ya protini ili bakteria wayakose. Bakteria hujibu kwa kutoa molekuli zinazokamata chuma kwa nguvu kubwa, kisha huzirudisha ndani kwa milango maalumu ya utando wa nje inayoendeshwa kwa nishati kutoka utando wa ndani. Milango hiyo haifungwi na kipimo cha daltoni 600. B12 nayo hupita kwenye mlango wa jamii hiyo. Bakteria wa udongo walizigundua njia hizi kabla yetu: albomaisini, iliyotumiwa zamani katika Umoja wa Kisovieti, ni sumu iliyofungwa kwenye mzigo wa chuma. Wanasayansi wa kampuni ya Shionogi ya Japani walifuata wazo hilo hilo wakatengeneza sefiderokoli, dawa ya jamii ya sefalosporini, ndugu za penisilini, yenye mkono wa kushika chuma. Ina daltoni 752, yaani imepita kipimo cha matundu ya kawaida, lakini bakteria mwenye njaa ya chuma huiingiza mwenyewe. Iliidhinishwa Marekani Novemba 2019.

Na kuna dawa ambayo nguvu yake inatokana na mlango usiokuwepo. Kotrimoksazoli, ambayo watu wengi Afrika Mashariki huiita Septrini na ambayo imewakinga maelfu ya wenye VVU, huzuia utengenezaji wa foleti. Sisi hupata foleti kwenye mchicha na maharage, na seli zetu zina njia ya kuiingiza. Bakteria wengi hawana njia hiyo. Ni lazima wajitengenezee. Dawa ikifunga kiwanda chao, hata wakiogelea kwenye foleti hawawezi kuila. Enterokokasi, ambaye huweza kuipokea foleti iliyo tayari, hujinusuru, na ndiyo maana madaktari hawaitegemei dawa hiyo kwake.

Kuziba njia peke yake hakutoshi

Sasa turudi kwenye usugu. Kama njia ni chache, kwa nini bakteria asizizibe tu? Baadhi huziba. Pseudomonas aeruginosa huingiza asidi amino kama arijinini na laisini kwa tundu liitwalo OprD, na imipenemu, dawa ya hospitali kwa wagonjwa mahututi, hupita humo humo. Mgonjwa akiwa kwenye matibabu, bakteria waliopoteza OprD huweza kujitokeza na kuendelea kuishi. Klebsiella nao hupoteza matundu yao mawili makuu, na baadhi ya wale wanaopata usugu dhidi ya sefiderokoli hupoteza mlango wa chuma uitwao CirA.

Lakini ukipiga hesabu utaona kuna kitu kinakosekana. Tundu likipungua, dawa huingia polepole; haiachi kuingia. Bakteria mmoja ni mdogo mno, urefu wa maikrometa mbili, na hata mvujo hafifu humjaza dawa kabla hajamaliza kizazi kimoja. Nikaido ndiye aliyelisisitiza hili: utando unachelewesha, na ucheleweshaji una maana pale tu ambapo ndani kuna kitu kingine kinachoiondoa dawa. Mtumbwi wenye ufa mdogo unaweza kuvuka kwa mtu mmoja anayekumba maji. Ufa ukiwa mkubwa, hata wakumbaji kumi hawauokoi. Wakumbaji wa bakteria ni wawili. Wa kwanza ni vimeng'enya vinavyovunja dawa kati ya tando mbili. Wa pili ni pampu kama AcrB, ambayo umbo lake lilichorwa mwaka 2002. Pampu hiyo hukamata dawa za jamii nyingi na kuzitoa hadi ng'ambo ya utando wa nje. Kwa asili pampu hizi husaidia pia kuondoa chumvi za nyongo.

Hapa ndipo ilipo siri ya Klebsiella wanaotisha wodini. Kimeng'enya kinachovunja sefalosporini, peke yake, hakiwezi kuizuia karbapenemu, jamii ya imipenemu. Matundu yakipungua, peke yake, hayazuii sana. Viwili vikikutana, dawa hushindwa. Kwa hiyo kuuliza kama usugu unatokana na kimeng'enya au na utando ni kuuliza vibaya. Vinazidishana.

Na gharama ipo. Bakteria aliyepoteza matundu mara nyingi hukua polepole kuliko wenzake, kwa kuwa glukosi na asidi amino navyo vimepungua. Palipo na dawa nyingi anashinda. Palipo na dawa kidogo, wenzake wanaokula vizuri humpita. Hii ndiyo sababu ya kisayansi ya kutumia dawa kwa kiasi: kila kidonge kisicho cha lazima humfadhili yule ambaye, bila dawa, angekuwa na njaa.

Hesabu ambayo viwanda havikuifanya

Kutolifahamu swali la kuingia kumegharimu sana. Kati ya mwaka 1995 na 2001 kampuni ya GlaxoSmithKline iliendesha kampeni 70 za kupekua maktaba kubwa za kemikali kutafuta zinazozuia protini muhimu za bakteria. Zilizofikia hatua ya kuahidi zilikuwa 5 tu. Wanasayansi walipata kemikali nyingi zilizozuia kimeng'enya kwenye kibomba cha maabara. Zilipowekwa mbele ya bakteria mzima wa Gram-hasi, hazikufika kwenye kimeng'enya hicho. Maktaba hizo zilikusanywa kwa kufuata sifa za dawa zinazopenya seli za binadamu, ambazo hazina utando wa nje.

Mwaka 2017 kundi la Paul Hergenrother wa Chuo Kikuu cha Illinois lilijaribu upande wa pili. Badala ya kupima nani anaua, walipima nani anaingia, kwa zaidi ya kemikali 180. Zilizojikusanya ndani ya E. coli zilielekea kuwa na kikundi cha amino kilicho wazi, umbo bapa kuliko la duara, na mwili usiopindapinda sana. Walichukua kemikali iliyokuwa ikiua Gram-chanya pekee, wakaongeza amino mahali panapofaa, ikaanza kuua Gram-hasi. Ni somo la ampisilini ya 1961, safari hii likiwa kanuni inayoweza kufundishwa.

Yanayotuhusu

Utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu wake. Watoto wachanga wamo kwa wingi. Ampisilini na gentamaisini, tiba ya kwanza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, zimeungana kwa sababu nzuri: kwa bakteria kama enterokokasi, ampisilini hudhoofisha ukuta na gentamaisini hupata pa kuingilia. Tiba hiyo ya bei nafuu ikivunjika mikononi mwa Klebsiella, kinachofuata ni dawa ghali ambazo wodi nyingi hazina.

Nionavyo, mambo mawili yanatupasa. La kwanza ni kuotesha. Daktari asiyejua ni bakteria gani anayemshughulikia hawezi kujua njia zake, na akikisia anabakiwa na kuagiza dawa pana zaidi kila mara. Fedha inayowekwa kwenye maabara ya hospitali ya mkoa, kwenye sahani za kuoteshea na kwa mtaalamu anayejua kwa nini glukosi-6-fosfeti inahitajika, inalinda dawa zaidi ya mabango ya kuhamasisha.

La pili ni utafiti wetu wenyewe. Vyuo vyetu vimechunguza kwa miaka mingi mimea ya tiba, na mara nyingi taarifa huishia kwenye sentensi moja: dondoo liliua stafilokokasi, halikuua E. coli. Matokeo hayo huhesabiwa kuwa kushindwa na jalada linafungwa. Lisifungwe. Kemikali inayoua Gram-chanya na kukwama kwa Gram-hasi huenda tayari ina uwezo na imekosa njia tu. Mwanafunzi anayeweza kuijaribu kwa E. coli aliyenyang'anywa pampu, au aliyelegezwa utando, atajua ndani ya siku chache kama tatizo ni kuua au ni kuingia. Jibu likiwa ni kuingia, kazi ndiyo kwanza inaanza, na ni kazi ambayo mkemia wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kuifanya.